Chatu wa Kaka Yangu Alipougua Kifua

Kaka yangu alivunjika nyonga siku alipoanguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, shambani kwake nje kidogo ya Bunda, mvua za masika zikiwa zimekolea. Walimleta hospitali Musoma mguu ukiwa umefungwa vijiti. Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Makoko, hapohapo mjini, kwa hiyo nilifika hata kabla hajapewa kitanda. Nilitegemea atanieleza maumivu. Badala yake alinishika mkono akasema, "Mdogo wangu, nyumbani nimeacha mtu peke yake."

Mke wake alifariki zamani na watoto wake wako mbali. Nikajua amepata mwenza na hakutuambia, na kusema kweli nilifurahi. Nikamuuliza ni nani huyo nimpelekee habari. Akasema ni chatu.

Lazima nieleze kwa nini niliuachia mkono wake. Tangu ujana kaka alikuwa katika kikundi cha ngoma ya nyoka. Upande wetu, pamba ikishavunwa, vikundi hushindana kucheza, na kundi lenye chatu mkubwa na mchezaji asiye na woga huvuta watu wote uwanjani. Siku ya harusi yangu alikuja na kundi lake kuniheshimu. Wakwe zangu walikuwa wametoka Butiama, watu wa kanisa, wamevaa vizuri, na hakuna aliyewaambia kitu. Kaka alipofungua kikapu na kumvaa yule mnyama shingoni, viti vilianguka. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alipotea, akaja kupatikana chumba cha wapishi. Kesho yake nilimwambia kaka kwamba mkono unaobeba nyoka usigonge mlango wangu tena. Nilisema kwa hasira ya siku moja, yeye akalishika neno lile kwa miaka yote. Hata mume wangu alipofariki, kaka alikuja, akakaa nje siku zote za msiba, akalala kwenye turubai na wanaume wengine. Hakuvuka kizingiti. Na mimi sikumwambia ingia.

Sasa alikuwa amelala chali ananiomba nimchukue chatu wake. Majirani wa Bunda walimwogopa, na mmoja alikuwa ameshaulizia lini atauawa. Wenzake wa kikundi, wenye kibali cha kuwafuga, walikuwa wametawanyika kwenye vibarua hadi mavuno. Nilisema nitamchukua. Nilimtazama mguu, nikakumbuka turubai, nikasema ndiyo.

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu mwenye gari dogo. Alinipeleka Bunda bila kuniuliza ninafuata nini, na alipoliona sanduku la mbao lenye wavu juu, alifungua buti tu. Njia yote ya kurudi aliendesha huku ameinamia usukani kana kwamba anaweza kuguswa mgongoni.

Chatu alikuwa jike, mrefu kunipita, mnene kama paja la mtoto wa chekechea. Nilimweka stoo. Nyumba yangu ipo karibu na ziwa, na stoo ina sakafu ya saruji na dirisha ambalo kioo chake kimoja kilivunjika. Kaka alikuwa ameniambia kwamba kwake sanduku hukaa limeegemea ukuta wa jiko, joto lisikatike. Nilimsikiliza kama unavyomsikiliza mgonjwa anayesimulia habari za mifugo yake. Nikamwekea maji, nikamtandikia maranda kutoka kwa fundi seremala, nikafunga mlango. Kila asubuhi nilichungulia, nikaona yupo, nikashukuru kwamba yupo ndani ya sanduku.

Wiki ya pili nilimpa kuku mdogo, kama nilivyoelekezwa. Hakumgusa. Nikasema labda ana majonzi ya ugeni. Ikaja siku tatu za mvua na upepo wa ziwa. Siku ya nne nilipita mlangoni nikiwa na beseni la nguo, nikasikia mluzi.

Ulikuwa mluzi mwembamba sana, unakuja na kukatika, unakuja na kukatika. Nilifikiri nimeacha birika jikoni. Halafu miguu yangu ikasimama yenyewe. Nilifanya kazi wodi ya watoto zaidi ya miaka ishirini na tano, na sauti ya pumzi inayotafuta njia hainipiti hata nikiwa usingizini. Niliweka beseni chini nikaingia.

Chatu alikuwa ameinua kichwa, amekiegemeza kwenye wavu, pua zikitazama juu. Kila alipotoa pumzi, tundu moja la pua lilitoa povu dogo, likapasuka. Mdomo wake, ambao siku zote ulikuwa mstari uliofungwa, ulikuwa na upenyo. Nikageuza ndoo, nikakaa, nikavua saa ya mkononi nikaanza kuhesabu pumzi. Nilipomaliza dakika ndipo nilipotambua kwamba sijui nyoka mzima anavuta pumzi ngapi. Lakini sikuhitaji hesabu. Mtoto aliyezibwa kifua naye huinua kidevu hivyohivyo, anatafuta mahali ambapo hewa ni nyingi zaidi.

Nilichofanya baada ya hapo bado kinaniuma. Niliona anasikia baridi, basi nikawasha jiko la mkaa, nikaliweka stoo karibu na sanduku, nikafunga mlango na kuziba dirisha kwa gunia. Mimi, niliyewakemea akina mama wangapi kwa jambo hilohilo. Niliporudi baada ya saa moja mluzi ulikuwa umegeuka kukwaruza, na mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nilitoa jiko mbio, nikafungua kila kitu, nikasimama pale nampepea nyoka kwa kipande cha boksi.

Nilikwenda duka la dawa za mifugo Iringo. Muuzaji aliniuliza ni ng'ombe au mbuzi. Nilipomwambia, hakucheka. Alisema anazo dawa za kifua za ng'ombe, lakini hajawahi kusikia kipimo cha nyoka, na dozi yoyote atakayonitajia itakuwa ni kunidanganya. Nilimshukuru kwa hilo. Wapo wengi ambao wangeniuzia tu.

Ndipo nilipomkumbuka daktari wa mifugo anayehudumia ng'ombe wa shemeji yangu kule Butiama, binti ambaye shemeji alikuwa akimsifu kwamba hakisii ugonjwa. Nikapiga simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimrekodi kwa simu anavyopumua na nimtumie video. Baada ya muda mfupi akapiga yeye. Alisema, "Mama, usimpe chochote. Mfunge kwenye mfuko wa kitambaa, mfunike kwa blanketi, umlete leo."

Mwalimu alitoa gari tena. Safari hii hakuinama sana. Butiama kulikuwa na ubaridi wa milimani na mawe yamelowa, na daktari alitupokea ofisini kwake, chumba kimoja chenye meza ya bati na kalenda ya chanjo za ng'ombe. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Aliniamkia, akanawa mikono, akaniambia wazi kwamba yeye ni wa ng'ombe na mbuzi, nyoka aliwasoma chuoni tu, na kwamba amemtumia video mwalimu wake wa wanyama wa porini, naye atakuwa kwenye simu tukifanya kazi. Nikamwamini papo hapo. Katika wodi nilijifunza kuwaogopa wasiosema hivyo.

Alimpima uzito akiwa ndani ya mfuko, kwa mizani ya kuning'iniza. Halafu akaniomba nishike mwili. Sikuwa nimewahi kumgusa. Nilitegemea utelezi, nikakuta ngozi kavu, laini kama mkoba wa zamani, na baridi. Ubaridi ule ulinishtua kuliko chochote. Daktari alilowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, akakitandaza juu ya magamba ili yasikwaruze, ndipo akaweka kifaa chake cha kusikilizia. Alisikiliza sehemu moja, akasogea, akasikiliza nyingine. Akanipa mimi masikioni. Niliifahamu sauti ile: maji mazito yanayochemka taratibu.

Kwa kijiti cha kubonyeza ulimi, kilekile nilichotumia maisha yangu yote, alimfungua mdomo. Ute ulikuwa mzito, wa manjano, unavutika kama uzi. Fizi zilikuwa nyekundu. Chini, nyuma ya ulimi, kuna tundu dogo linalofunguka na kujifunga, ndilo koo la hewa, nalo lilikuwa limezungukwa na ute ule. Daktari aliusafisha kwa pamba, kidogo kidogo.

Alinieleza huku anafanya kazi. Nyoka hawezi kukohoa kama sisi. Hana ule msuli wa kusukuma, kwa hiyo makohozi yakiingia yanakaa. Ndiyo maana huinua kichwa. Tena hatengenezi joto lake mwenyewe, analichukua nje, na akiwa wa baridi mwili wake hauwezi kupigana na ugonjwa wala kutumia dawa. Ugonjwa ulikuwa umeanza siku nyingi kabla ya mluzi: kule kukataa kuku kulikuwa dalili. Aliuliza anakaa wapi. Nikamwambia saruji, dirisha, maranda yenye vumbi. Aliuliza kama kuna moshi. Nikamwambia na habari ya jiko.

Hakunikaripia. Aliandika kwenye daftari, akasema, "Usirudie, mama." Ilitosha.

Dawa waliyokubaliana na mwalimu wake ilikuwa ya hospitali za watu, niliyoichanganya mara elfu kazini. Alikokotoa kipimo kwa uzito, akakihakiki mara mbili na sauti ile ya kwenye simu. Akanionyesha mahali pa kuchoma: sehemu ya mbele ya mwili, kwenye nyama iliyo pembeni ya uti wa mgongo, sindano ikipita kati ya magamba. Sindano moja, siku mbili za kupumzika, kisha nyingine, kwa wiki kadhaa, hata nikiona amepona. Hakuna kumlisha mpaka pumzi itulie. Kwanza joto, alirudia, halafu dawa.

Nyumbani nilimhamishia chumba cha wageni. Ndiyo, chumba ambacho mwenye nyoka hakuwahi kulala ndani yake. Fundi umeme alinifungia balbu ya joto juu ya ncha moja ya sanduku, nje ya wavu asije akaungua, ili upande mmoja uwe wa joto la nyuzi thelathini na kitu na mwingine wa kawaida, achague mwenyewe. Maranda nikayatupa, nikatandika magazeti. Kipimajoto nikakitundika ndani. Umeme ulipokatika, na ulikatika, nilijaza chupa maji ya moto, nikazifunga kwa kanga, nikazipanga ubavuni pa sanduku, nikawa nazibadilisha kila zikipoa.

Sindano ya kwanza nyumbani nilichoma huku mwalimu ameshika mkia. Alikuwa amekuja kunisalimia tu. Nilimwambia sina mtu mwingine. Alivua koti akalikunja vizuri, akalitundika, akashika.

Wakati wote huo kaka hakujua. Kila saa ya kuona wagonjwa nilimpelekea uji na samaki, na kila siku aliuliza swali moja kabla ya kunawa: amekula? Nilimjibu hajambo. Neno hajambo lina nafasi kubwa, unaweza kuficha mengi ndani yake. Alikuwa ameshafanyiwa upasuaji, analala vibaya, na nilijiambia namkinga. Lakini baada ya sindano ya tatu mluzi ulikuwa bado upo, na nilianza kufikiria itakuwaje nikimwambia amekufa na hakuwahi kuambiwa ameugua. Nilikwishaona wazazi waliofichwa hivyo. Hawasamehe, na wana haki.

Nikamwambia. Nilianzia kwenye dirisha, nikapita kwenye jiko, nikafika Butiama.

"Amefungua mdomo?" aliuliza.

"Alifungua. Sasa anafungua kidogo."

"Huyo hafunguagi mdomo bure," alisema, akageukia ukutani.

Nilifikiri ndiyo mwisho wa maongezi. Nilianza kufunga vyombo. Ndipo akaanza kusema, bado ametazama ukuta. Chatu wake wa kwanza, yule wa harusi yangu, alikufa hivyohivyo. Alipiga mluzi siku nyingi, wakasema anakasirika. Siku ya mashindano alikuwa analegea, anatoa mate, na kaka akamvaa akacheza naye tangu mchana hadi jua linaelekea kuzama, kwa sababu uwanja ulijaa na kundi lilitaka ushindi. Walishinda. Alikufa kesho yake.

"Nilimchezesha anaumwa," alisema. "Watu nawaambiaga sikujua. Nadhani nilijua."

Nilirudi nikakaa kitandani, nikanyoosha shuka yake mahali ambapo haikuhitaji kunyooshwa. Baada ya muda akageuka.

"Lile jiko. Uliliweka ukidhani anasikia baridi?"

"Ndiyo, kaka."

"Basi ulimhurumia. Mimi wangu sikumhurumia." Akanawa mikono, akavuta bakuli la uji.

Tangu siku hiyo nilikuwa nampelekea video. Alizitazama ameleta simu karibu na pua, bila sauti kwanza, halafu kwa sauti, na alikuwa akiona mambo ambayo mimi na daktari hatukuyaona. Alisema sijui mkunjo wa shingo umelegea, sijui ulimi unatoka mara nyingi kuliko jana, hiyo ni habari njema. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walianza kuuliza hali ya chatu. Mzee mmoja wa Butiama aliyekuwa na mguu kwenye plasta alisema hapendi nyoka, lakini akaomba aione video ya leo.

Haikuwa safari ya moja kwa moja. Katikati ya matibabu ute ulirudi, nikalia jikoni kama mjinga. Daktari alisema mapafu hujisafisha kwa zamu, tuendelee, tumpe na maji ya chumvi kidogo chini ya ngozi kwa kuwa alikuwa amekauka. Alikuja mwenyewe hadi Makoko kuyatia, akitokea kuchanja ng'ombe Buhare, buti zikiwa na tope. Alimsikiliza tena kwa kile kitambaa chenye maji. Alisikiliza muda mrefu. Akasema upande mmoja sasa ni safi.

Asubuhi moja niliingia na chupa zangu nikakuta kimya. Nilikaribia, nikamwona amejikunja duara chini ya balbu, kichwa kimelala juu ya mwili wake, mdomo ule mstari. Ubavu ukapanda polepole, ukashuka. Hakukuwa na povu. Nilikaa kwenye ndoo nikamsikiliza akipumua bila sauti, na nilibaki pale mpaka maji ya chupa yakapoa mikononi mwangu.

Alimaliza sindano zote. Macho yakaingia ukungu, akajivua gamba zima bila kukatika, na wiki iliyofuata akameza kuku. Sikuangalia hilo. Nilisimama nje ya mlango na simu nikampa kaka habari.

Kaka aliruhusiwa kwa magongo. Gari la mwalimu lilimfikisha mlangoni kwangu, akashuka, akasimama barazani, akawa anatazama ua kama mtu anayesubiri kuletewa kiti nje. Nilijua anachosubiri. Nilimwambia, "Kaka, ingia. Uji unapoa." Akaingia na magongo yake, akapita sebuleni hadi chumba cha wageni. Sikumfuata.

Alikaa kwangu miezi miwili. Mavuno ya pamba yalipokaribia wenzake wa kikundi walirudi, na kaka, ambaye alijua hatacheza tena, aliniomba jambo moja: niende Bunda niwafundishe kusikiliza. Nilikataa mara mbili. Halafu nikaenda, na daktari wa Butiama akaja naye kwa siku yake ya mapumziko. Walikuwa wanaume saba uani kwa kaka, wamekaa kwenye benchi, masanduku mbele yao. Tuliwaonyesha jinsi ya kufungua mdomo taratibu na nini cha kutazama. Nikawaambia nyoka anayekataa chakula na kuinua pua asichezeshwe, hata uwanja ukijaa, na asiwekewe moshi. Niliwaambia na kosa langu la jiko. Kaka akawaambia lake.

Tulipomaliza mmoja wao alibaki. Mtu mzima, mvi kidogo, mkulima. Alisimama mbali na wenzake, akasubiri daktari aingie kwenye gari, ndipo akaniuliza kama mluzi ule unaweza kutoka kwa ugonjwa tu, bila mkono wa mtu. Nikamwambia unatoka kwa baridi, vumbi, uchafu, na vijidudu. Akauliza tena, na mimi nikamjibu vilevile.

Akaniambia kwamba nyoka wake wa zamani alikufa akipiga mluzi, na kwamba siku hizo jirani yake mmoja, mama mjane, alikuwa amepita uani kuomba moto. Alimtaja yeye kuwa ndiye aliyemloga. Hakumpiga wala hakumshitaki popote, alisema, lakini tangu siku hiyo hajamsalimia, na wengine wakafuata, na mama yule sasa huchota maji peke yake watu wakishaondoka.

"Nitamwambiaje?" aliniuliza.

Nilimwambia aanze na shikamoo, maana ni mkubwa wake, halafu aseme alichoniambia mimi, kama alivyokisema.

Alitikisa kichwa kukubali. Akainama, akabeba sanduku lake kwa mikono miwili, akatoka kwa njia ya kisimani. Sijui kama alimkuta.